Taa Tano kwenye Mazishi ya Baba Mkwe

Wacha niseme mapema ili mtu asije akanicheka katikati: mimi ndiye yule mkwe. Ile hadithi mnayoisikia kila mara huko Kendu Bay, ya mkwe aliyeleta king'ora matangani na nusura avunje ndoa ya pasta, watu huisimulia kama mzaha na kila mmoja anaongeza chumvi yake (eti nilileta mtambo wa polisi, eti jeneza lilianguka, jeneza halikuanguka), na nikiwa hapo mimi hucheka kwa sauti kuwashinda wote, halafu nikifika nyumbani usingizi haunishiki. Leo nitawaambia mwenyewe vile ilivyokuwa.

Miaka hiyo ya tisini ikielekea mwisho nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na televisheni pale Suna, Migori. Nilikuwa nimesomea elektroniki kidogo, kile kidogo cha kumtia mtu kiburi. Sasa nilipoenda Nairobi kutafuta vipuri, rafiki yangu niliyesoma naye akanionyesha chipu nyeusi ndogo kama mbegu ya boga, yenye miguu ya bati pande mbili, akaniambia, "Hii ni kompyuta nzima. Unaiandikia kazi mara moja, inaifanya mpaka uzeeke." Yeye alikuwa na mashine ya kuiandikia, basi nikamwomba anitilie kazi moja rahisi tu: iwashe taa tano kwa pamoja, kila dakika izime moja, na ya mwisho ikizimika ipige honi. Nikarudi Suna na chipu yangu ndani ya kiberiti kama mtu aliyebeba almasi. Nikafunga balbu tano za indiketa za gari kwenye ubao, nikazipaka rangi, kijani, manjano, nyekundu, na honi nikaweka ile ya lori inayolia likirudi nyuma, kwa sababu nilitaka isikike hadi ng'ambo ya barabara. Ubao huo haukuwa na kazi yoyote. Niliuweka juu ya kaunta kuwashangaza wateja, nao wakashangaa kweli, na mimi nikavimba kichwa.

Ndipo baba mkwe akafariki. Mzee Owiti, mzee wa kanisa, mfanyabiashara wa siku nyingi wa omena, wale dagaa wa ziwani, mume wa mke mmoja (shikeni hapo, kwa sababu kila aliyemsifu alianza na hilo). Shemeji yangu Okeyo, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuja Migori kutupangia mambo ya mazishi, akakaa kibandani kwangu akanywa chai huku taa zikizimika moja moja mbele yake. Honi ilipolia akamwaga chai yote mapajani.

"Shemeji," akasema akijipangusa, "hii kitu inaweza kunyamazisha watu?"

Nilimwelewa mara moja. Nyie mnajua matanga ya kwetu. Marehemu hazikwi mpaka kila aliyewahi kunywa naye uji ameshika maiki, na hakuna anayesema kidogo, mtu anaanza na salamu za kanisa, salamu za ukoo, salamu za wale ambao hawakufika, na kabla hajafika kwa marehemu mawingu yamekwisha kukusanyika. Okeyo alikuwa ndiye mwenyekiti wa programu na alikuwa ameapa babake hatazikwa kwenye matope. Tukakubaliana: kila msemaji dakika tano, taa tano, honi. Isipokuwa Mama. Mama ataongea mpaka atosheke.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingilia. Ile chipu haijui wakati yenyewe. Kuna kijibati kidogo kinachofungwa kando yake, kinaitwa kristali, ndicho kinachoipigia mdundo kama mpiga ngoma, kikipiga polepole chipu inahesabu polepole, kikikimbia nayo inakimbia. Asubuhi ya kuondoka, nikifunga vitu vyangu, ubao ukaniponyoka na kile kijibati kikakatika mguu. Nikachakura kwenye takataka za kibandani nikapata kingine ndani ya mashine ya faksi iliyokufa, umbo lile lile, ukubwa ule ule, maandishi yamefutika. Nikakichomelea. Nikawasha. Taa tano zikawaka, moja ikazimika. Mke wangu Atieno yuko mlangoni, mtoto mgongoni, macho yamevimba kwa kulia, ananiambia, "Baba Apiyo, watu wanatungoja!" Nikajiambia, zinawaka, zinazimika, unataka nini zaidi?

Sikutazama saa. Hilo tu. Saa ilikuwa mkononi mwangu na sikuitazama.

Tulikuta boma limejaa hadi kwenye ua. Turubai, viti vya kanisa, jeneza mbele, kwaya ya akina mama wamevaa nyeupe upande wa kulia, na mbele ya kwaya amesimama mke wa pasta, Mama Neema, mwanamke wa kuheshimika, sauti yake ndiyo inayobeba nyimbo zote, na kando yake binti yao Neema, msichana mrefu aliyemaliza shule karibuni. Pasta mwenyewe, Baba Neema, alikaa karibu na jeneza na Biblia yake, mtu mfupi mpole. Mimi nikaweka ubao wangu juu ya meza ya maiki. Na kwa vile mwenye spika alikuwa na betri kubwa ya lori, nikaona nibebe nyingine ya nini, nikaunga nyaya zangu kwenye ile ile. (Nikikumbuka hilo nataka kujipiga kofi.)

Okeyo akashika maiki: "Huyu shemeji yetu wa Migori ametuletea kompyuta! Ukiona nyekundu, anza kukaa!" Watu wakapiga makofi. Nilikaa pale na tai yangu, kifua mbele, najiona nimewafaa wakwe zangu kuliko aliyeleta ng'ombe.

Msemaji wa kwanza alikuwa mwalimu jirani. Nikabonyeza. Akasalimu viongozi, akasalimu kanisa, na taa mbili zikawa zimekwisha kuzimika. Nikaona ajabu. Nikatazama saa yangu. Nikaitazama tena, nikaitikisa, nikaiweka sikioni nikidhani imesimama. Haikuwa imesimama. Hapo nikaelewa: ile kristali ya faksi ilikuwa inakimbia mara mbili, dakika yangu ilikuwa nusu dakika. Na kabla sijajua la kufanya, honi ya lori ikalia katikati ya boma la msiba, PIIIII, tena maiki ilikuwa kando yake kwa hivyo ikatokea kwenye spika zote, akina mama wakapiga nduru, mwalimu akaruka nyuma, na baada ya mshtuko ule watu wakafanya kitu ambacho sijawahi kuona matangani. Wakacheka.

Nikamwinamia Okeyo. "Shemeji, hii kitu inakimbia. Dakika yake si dakika."

"Omera, ndugu, wachana nayo," akaninong'oneza bila kugeuka. "Saa hii tungekuwa bado kwa salamu. Iende hivyo hivyo."

Nami nikaiacha. Ningesimamaje kusema kompyuta ya mkwe haijui kuhesabu, na nimepigiwa makofi? Msemaji wa pili akakatwa, wa tatu akakatwa, na vijana waliosimama uani wakaanza kuhesabu taa pamoja, kwa sauti, kama wako kiwanjani: "Tatu! Mbili! Moja!" na honi ikilia wanashangilia. Nilitamani ardhi inimeze na ubao wangu. Kisha akasimama Jaduong' Nyangweso, mdogo wa marehemu, mzee asiyeharakishwa na mtu, akaanza na jinsi baba yao alivyohamia hapo, na mama yao alivyoolewa, na akiwa ndiyo tu anafika kwenye mimba, honi ikalia. Akaugonga ubao wangu kwa fimbo.

"Ndugu yangu hajazaliwa bado," akasema, "na mnanifukuza?"

Watu hawakucheka tena. Alikaa akanipa kisogo, na mtu akipewa kisogo na mzee wa ukweni hana pa kuuficha uso.

Halafu Mama akasimama.

Mama mkwe wangu ni mtu mdogo, mwembamba, msafi, anayeongea kwa kupima. Okeyo akamwambia kwa upole, "Mama, wewe ongea tu. Hakuna taa."

"Kwa nini hakuna?" akauliza kwenye maiki. "Shemeji yangu amekatwa, mimi ni nani? Washa. Wasije wakasema nimependelewa kwa sababu kifaa ni cha mkwe wangu."

Akageuka upande wangu. Sasa anayejua mila za kwetu atanielewa: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamjibu kwa kumkosoa, tena mbele ya umati, tena mbele ya maiti ya mumewe. Nilimtazama Okeyo aniokoe. Yeye akatazama jeneza. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, "Mama, imeharibika," maneno mawili. Nikabonyeza.

Akaanza vizuri. Alivyoletwa katika boma hilo akiwa msichana, nyumba ilivyokuwa ya nyasi, Mzee alivyoanza biashara na gunia moja. Taa ikazimika. Mzee alivyokuwa akienda kisiwani Remba kununua omena na kukaa huko wiki kadha. Taa ikazimika. Nikaona ameona. Vijana hawakuhesabu, kwa heshima, lakini ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kuhesabu, macho ya boma zima yako kwenye balbu zangu. Akaanza kuruka maneno, akarudi, akapoteza alipokuwa. Zikabaki mbili.

"Basi," akasema. "Mtanisamehe. Nilitaka nifike huko polepole lakini naona mnanifunga."

Atieno, aliyekuwa amekaa na dada zake, akainua kichwa.

"Mzee huyu mnayemwita mume wa mke mmoja alikuwa na mtoto nje. Mimi nimejua miaka mingi. Sikuwaambia watoto wangu. Huyo mtoto ni msichana, ni mkubwa, yuko hapa leo, na atatia udongo kwenye kaburi la babake kama wengine. Na mama yake nimemwita mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Ndiye yule pale, anaitwa..."

PIIIIIII.

Ndugu zangu, nimewahi kupigwa na stima, nimewahi kuanguka kutoka juu ya paa nikifunga eriali, lakini sijawahi kushtuka vile. Mkono wa Mama ulikuwa umenyooka upande wa kulia, jina limemezwa na honi, na mahali ule mkono ulipoelekea, amesimama mbele ya wote na nguo yake nyeupe, alikuwa mke wa pasta. Na kando yake binti mrefu. Na marehemu alikuwa mrefu. Na pasta ni mfupi. Mnaona hesabu ilivyojifanya yenyewe? Vichwa vyote viligeuka mara moja kama majani ya mahindi kwenye upepo. (Kweli kulikuwa na mwanamke mwingine hapo, ameketi chini kwenye mkeka nyuma ya sketi za kwaya, mgeni asiyejulikana na mtu, lakini nani angemwona?)

Nikaruka kuzima honi. Kwa kiherehere nikabonyeza kitufe kile kile cha kuanzia, taa zote tano zikawaka upya kama vile Mama ameongezewa muda, na mtu mmoja nyuma akapiga makofi, sijui alifikiri nini. Nikashika nyaya nikavuta kwa nguvu zangu zote. Zikatoka. Zangu, na za spika pia. Boma likawa kimya kama kaburi lile lile lililokuwa linatungoja. Mama midomo yake inakwenda kwenye maiki iliyokufa, sauti yake ndogo haivuki meza.

Na ndani ya kimya hicho nilichokitengeneza kwa mikono yangu, bila spika yoyote, kila mtu akamsikia pasta.

"Mama Neema, ni kweli?"

Mkewe alimtazama. Kitabu cha nyimbo kikamtoka mkononi.

"Wewe?" akasema taratibu. "Wewe unaniuliza mimi?"

Hapo ndipo dunia ilipasuka. Atieno analia "Mama, mtoto gani?", Okeyo ameshika kichwa, Neema amejifunika uso kwa kitambaa cha kwaya, na kule uani watu wamekwisha kukimbia na habari, nawasikia kwa masikio yangu wakipasiana kama mpira, "Yawa, ni bibi ya pasta! Ni bibi ya pasta!" Mimi nimesimama na nyaya mbili mkononi.

Ndipo yule mgeni akapanda juu ya kiti. Mwanamke mnene, leso kiunoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita boti zikiwa bado mbali majini.

"NI MIMI! Ni mimi Awuor wa Remba! Wachaneni na mke wa mtu!"

Akamvuta msichana aliyekuwa chini kando yake, akamsimamisha. Hakuna aliyehitaji kuuliza lolote. Ilikuwa ni sura ya Mzee Owiti imevaa rinda. Jaduong' Nyangweso alinyanyuka, akatembea hadi pale, akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu ni wetu," na akamshika mkono akamleta mbele.

Tulimzika Mzee jioni kabisa, kwa sababu ilibidi wazee wakae kwanza, na mvua haikunyesha hata tone. Msichana alitia udongo. Mama mkwe alisimama kando yake akiwa ameng'ang'ania kitambaa chake, hakulia, hakunitazama. Lakini waliokuwa uani hawakurudi kusikia mwisho. Ukweli ulibaki bomani ukila ugali na sisi, na uwongo ulikuwa umeshafika sokoni Kendu Bay.

Nyumbani Atieno aliacha kuongea nami. Alinipa chakula, alinifulia, ila neno hakunipa, mpaka siku moja akiwa anachambua mboga akasema bila kuinua macho, "Mama alikuwa amepanga maneno ya kututayarisha. Tulie kidogo, tukasirike kidogo, halafu tumwone dada yetu. Wewe ulimpokonya yale maneno, sisi tukapata mfupa mtupu."

Mama Neema alikuwa ameondoka akaenda kwao Rongo. Nilipopata ujasiri nilimfuata huko na sukari na majani ya chai, kichwa chini kama mwizi wa kuku. Nilimkuta anabambua njugu. Nikamweleza yote, chipu, kristali, faksi, saa yangu niliyokataa kuitazama. Alinisikiliza hadi mwisho, na nilipomaliza hakukuwa na taa ya kunisaidia.

"Kwa hivyo ni kijibati?" akauliza.

"Ni kijibati, Mama."

Akacheka kidogo, kicheko kikafia njiani. "Wewe ulipiga honi tu," akasema. "Na watu walinitazama kwa sababu mkono ulielekea kwangu, hata mimi ningetazama. Hao nimewasamehe. Lakini yeye tumezaa naye, tumeomba naye, tumezika naye mtoto. Na aliuliza."

Akarudi kwenye njugu zake.

Baadaye alirudi Kendu Bay, kanisa likampokea kwa nyimbo, na wanaowaona wanasema wanaishi vizuri tu. Ila Atieno, aliyewahi kula kwao, aliniambia jambo moja lililonishtua upya kama ile honi. Mama Neema anamwita mumewe Pasta. Hata mezani, hata akimpa chai. "Pasta, chai iko tayari," kama muumini yeyote. Jina la Baba Neema hajalitamka tena.

Ule ubao niliuvunja ukawa kuni. Bado natengeneza redio, saa za ukutani, hata kengele za shule, ila kitu cha kumkata mtu maneno sitatengeneza tena maishani mwangu, hata nikiletewa dhahabu. Siku hizi mtu akishika maiki matangani mimi hukunja mikono nikakaa, asalimu mara tatu, apotee, arudi, avute kamasi, aanze upya. Labda ndiyo kwanza anatafuta njia ya kulifikia neno alilokuja nalo.